Programu Isiyo na Sura

Jumamosi hiyo kompyuta ya Mama Beji iliamka na kikohozi. Tik, tik, tik, kisha mkwaruzo mrefu kama mtu anayeburuta kijiko ndani ya sufuria tupu, kisha tena tik, tik. Mama Beji aliondoa mguu kwenye kanyagio la mashine ya kutarizi, akasikiliza.

"Baba, njoo usikie hii."

Mumewe alikuwa uani akijisugua rangi kavu vidoleni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu, na mtaa mzima ulimwita Brashi, hata mama yake mzazi. Aliingia, akapiga magoti, akatega sikio kwenye sanduku la kompyuta kama daktari aliyesahau vyombo vyake nyumbani.

"Mume mwenzangu anaumwa," akatangaza.

Ndivyo alivyoiita ile kompyuta na mashine iliyofungwa nayo kwa waya. Kila mgeni aliambiwa kwamba nyumba hii ina waume wawili, na kwamba yeye Brashi ndiye anayepewa chakula kilichopoa.

"Si wakati wa utani, baba. Beji za wauguzi zinatakiwa Jumatatu asubuhi."

Kabla hajamaliza kusema, skrini iligeuka buluu tupu, ikaandika maneno meupe ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma yote, ikazimika. Roho ya Mama Beji ilimtoka. Kompyuta ikajiwasha yenyewe, polepole, ikikohoa njia nzima, na roho yake ikarudi nusu.

Mama mkwe alichungulia kutoka chumbani, redio yake ndogo kwapani. "Si uizime, uiwashe tena? Hii yangu ndivyo ninavyoifanya, inanyooka."

"Imejizima yenyewe, mama. Ndilo linalonitisha."

Na kweli alikuwa na sababu ya kutishika. Kikapuni palikuwa na nusu ya beji za chuo cha wauguzi, kila moja taa ya dhahabu ndani ya duara la buluu, na nusu nyingine ilikuwa bado kichwani mwa ile kompyuta. Wahitimu wangezivaa wakila kiapo mbele ya wazazi wao. Angeweza kuinakili michoro kwenye flashi, hilo alilijua. Lakini michoro bila programu ya kuisoma ni sawa na nyimbo bila mwimbaji. Programu ile ilikuja na mashine, ikawekwa na aliyemwuzia, na kampuni iliyoitengeneza ilishafunga milango zamani. Sahani yake, ile CD ya kuwekea programu upya, mama mkwe aliikuta kabatini, akaiona inameta, akaitundika bustanini ifukuze ndege. Ndege waliizoea wiki ileile. Jua likaipasua.

"Mimi nilidhani ni kioo," alisema mama mkwe, ambaye alikuwa ameshajitetea kwa jambo hilo mara nyingi mno.

"Hakuna anayekulaumu, mama."

"Naona mnaniangalia."

*

Fundi wa kompyuta alikuwa na duka jembamba, meza moja, na watu wamesimama mpaka nje. Brashi alilibeba sanduku begani, Mama Beji akatangulia akiomba njia. Fundi alikuwa kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi. Aliifungua kompyuta, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa.

"Mama, hii ingekuwa mtu ingeshastaafu, ingekuwa inagombana na watu wa pensheni."

Wateja wakacheka. Mama Beji naye akacheka, kicheko cha mtu mwenye shida anayemcheka anayeweza kumsaidia.

Fundi alichomoa diski, akaiunganisha na kifaa chake, akaangalia kwa muda. Utani ukamtoka usoni.

"Diski ndiyo inayokufa. Bado inasoma, lakini ina sehemu zimeshaoza. Naweza kukuwekea diski mpya na kila kitu kipya leo hii."

"Na programu yangu ya kutarizi?"

"Hiyo hairudi. Labda uihamishe diski nzima kama ilivyo, yaani kuidurufu. Kila kilichomo, programu, vibali, hata takataka, vyote vinahamia diski mpya, na kompyuta ikiamka haitajua kama imebadilishiwa kichwa."

"Basi fanya hivyo, fundi."

Fundi alimwonyesha meza kwa kidevu. Kompyuta zilikuwa zimelaliana kama mahindi sokoni. "Mama, si kwamba sitaki. Nikipokea yako leo, nitaigusa katikati ya wiki."

"Katikati ya wiki wauguzi wameshaapa na kwenda zao."

Yule kijana alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyezidiwa. Alimpa diski mpya, nyembamba, nyepesi kama kadi, pamoja na waya wa kuiunganishia. Mama Beji aliilipa kwa fedha iliyokuwa imetengwa kununulia nyuzi, akamkabidhi bila kumwangalia mumewe.

"Programu za kudurufu ziko tele, na za bure," alisema fundi akimrudishia sanduku. "Tafuta mtu anayejua kidogo. Ila mchague kwa macho mawili, kwa sababu si kila iliyoandikwa bure ni ya bure. Na huyu mgonjwa msimwashe ovyo. Kila mkimwasha mnampunguzia pumzi."

Mtu anayejua kidogo. Mama Beji alimjua mmoja tu, na hakutaka kumpigia.

*

Mtu huyo alikuwa wifi yake, mdogo wa Brashi, mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari upande wa pili wa mji. Mama Beji alipoacha kazi kiwandani na kununua ile mashine iliyokwisha tumika, Wifi alisema mbele ya ukoo mzima, sahani mkononi, kwamba sasa kaka yake atalishwa nyuzi. Watu walicheka sana. Tangu siku hiyo wawili hao walisalimiana kama watu wanaopishana benki.

"Nimpigie mimi?" Brashi aliuliza walipofika nyumbani.

"Hapana. Nikimpigia mwenyewe ataringa leo. Ukimpigia wewe ataringa mwaka mzima."

Alitoka uani, akasimama karibu na kamba ya nguo, akapiga.

"Hujambo, wifi."

"Sijambo, wifi." Sauti upande wa pili ilikuwa na hofu. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kompyuta yangu inakufa, nina kazi ya watu ya Jumatatu, na fundi hana nafasi. Nataka kuidurufu diski kabla haijazimika moja kwa moja. Sijui pa kuanzia." Aliyasema yote kwa pumzi moja, maana angepumzika katikati asingemaliza.

"Umeizima?" aliuliza Wifi.

"Nimeizima."

"Usiiguse tena. Nakuja. Hapo kwenu kuna waifai?"

"Wifi ni wewe."

Aliisema bila kufikiri. Upande wa pili kicheko kikapasuka, kicheko kikubwa, cha tumboni, ambacho Mama Beji hakuwa amekisikia kwa muda mrefu. Alijikuta naye anacheka, peke yake, mbele ya mashuka yaliyoanikwa.

*

Wifi aliingia na mkoba wa laptopu begani, simu mbili mkononi, na mfuko wa soksi za shule ambamo alitunzia waya zake. Alimwamkia mama yake, akapokea maji, akanywa amesimama. Hakutazama kapu la beji wala mashine. Alikwenda moja kwa moja kwenye diski mgonjwa, ambayo fundi aliiacha nje ya sanduku na sasa ilikuwa juu ya meza, akaigeuza kama mtu anayekagua yai.

"Tuanze na rahisi," alisema. "Kuna moja inasifiwa sana huko mtandaoni. Ina sura nzuri."

Ilikuwa na sura nzuri kweli. Vitufe vya kijani, picha ya diski moja ikimiminika ndani ya nyingine kama maziwa. Walivuta viti, wote wanne, mama mkwe mbele kwa sababu ya macho yake. Wifi aliunganisha diski ile mgonjwa kwenye laptopu yake, na ile mpya pembeni. Programu ikawauliza hili, ikawauliza lile, ikawapongeza kwa kila jibu. Wakafika mwisho. Wifi akabonyeza *Anza*.

Dirisha jipya likafunguka, la dhahabu: kuanza kudurufu, tafadhali lipia toleo kamili.

"Haa!" Brashi akasimama. "Si wameandika bure?"

"Kupakua ni bure," alisema Wifi, masikio yake yakipata moto. "Kutumia ndiyo wanalipisha."

"Yaani wametukaribisha, wametuvua viatu, wametukalisha," Mama Beji alisema, "halafu chakula kinaletwa na bili juu yake."

Mama mkwe alitaka kujua wanaoishi humo ndani ni watu wa wapi, wasio na haya namna hiyo.

Wifi aliifuta, akaweka ya pili. Hii ilikuwa ya bure kwa watu wa nyumbani, ilisema hivyo wazi, bila kuzungukazunguka. Haikuwapongeza sana. Ilianza kazi mara moja, mstari mwembamba ukaanza kujaa upande wa kushoto, na wote wakaegemea mbele kana kwamba uzito wao ungeusukuma. Mstari ulisogea. Ukasogea tena. Kisha diski ikakohoa, tik, tik, tik, na mstari ukasimama pale pale. Skrini ikaandika: *Hitilafu katika kusoma. Kazi imesitishwa.*

"Irudie," alisema Brashi.

Wifi akairudia. Ikafika palepale, ikasimama palepale, na safari hii kikohozi kilikuwa cha juu zaidi, kikavu, cha kuumiza. Mama Beji alimshika wifi yake mkono.

"Izime, wifi. Tunaimaliza."

Wakaizima. Mama Beji alihesabu kimoyomoyo pumzi walizokwisha kuipotezea ile diski, akaona kama anasikia wauguzi wanaapa bila beji.

"Shida si programu," Wifi alisema taratibu, akisoma simu yake, kidole kikipanda na kushuka. "Ile imetengenezwa kwa diski zenye afya. Ikikuta mahali pabovu, inaogopa, inasimama. Sisi tunataka isiyoogopa." Akasoma zaidi, na Mama Beji akaona uso wake unabadilika, macho yakipata mwanga kama ya mtoto aliyeona sarakasi. "Ipo! Sikilizeni. Kuna jamaa hapa alikuwa na diski kama yetu, inakohoa hivihivi. Anasema tuachane na zenye sura. Kuna hii inakaa kwenye flashi, unaiwasha kompyuta kwa hiyo flashi, Windows haiguswi kabisa. Inasoma kwanza sehemu zote nzima. Ikikuta pameoza inaruka, inaendelea mbele. Ikishaokoa vizima vyote, ndipo inarudi kwenye vibovu kuvibembeleza."

"Na bei yake?" aliuliza Brashi, mikono kifuani.

"Haina bei. Imeandikwa na watu wanaojitolea, na maandishi yake yako wazi, yeyote anaweza kuyasoma."

"Mdogo wangu, wale wenye vitufe vya kijani walitaka hela. Hawa wasiotaka chochote ndio wananitia wasiwasi zaidi. Mtu akupe kitu bure, hata jina lake hulijui?"

"Kaka, umewahi kupaka rangi ukuta bure?"

Brashi akafikiri. "Wa zahanati. Ule wa mbele."

"Ulimdai nani?"

"Simdai mtu. Ulikuwa unaniudhi tu nikipita, umebabuka."

"Basi hawa nao kuna diski zilikuwa zinawaudhi."

Brashi akacheka, mikono ikashuka. Alikuwa ameshindwa na alijua.

Wifi akaiandaa flashi. Walipoiwasha kompyuta ya Mama Beji kwa hiyo flashi, diski zote zikiwa pembeni, skrini iligeuka nyeusi tii, na maandishi meupe yakateremka kama mvua. Hakuna kitufe. Hakuna picha. Alama moja tu ilipepesa konani, ikisubiri kuamriwa.

"Haina hata sura," alisema mama mkwe kwa huruma.

"Ndiyo hii," alisema Mama Beji. Alishangaa mwenyewe jinsi alivyosema kwa uhakika. "Ile ya kwanza ilikuwa inatuangalia sisi. Ya pili ilikuwa inajiangalia yenyewe isiumie. Hii inaiangalia diski. Tuchukue hii."

Wifi alimtazama, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasoma mstari mwingine kwenye simu, na mwanga wote ukamwondoka usoni.

"Wifi. Diski ya kupokelea isiwe ndogo kuliko ya zamani. Hii inahama kipande kwa kipande, haijui kubana. Na hii aliyokuuzia fundi ni ndogo. Ni nusu."

*

Brashi alikimbia dukani kwa fundi na ndala zake za rangi, akarudi akihema. Limefungwa. Jumamosi fundi hufunga mapema.

"Je, tukiipiga picha tu?" aliuliza. "Si nasikia kuna kuipiga picha diski nzima, mkaiweka kama faili moja?"

"Taswira ndiyo hiyo," Wifi alimjibu. "Lakini taswira nayo inataka pa kukaa, na ukija kuimwaga inataka chombo chenye ukubwa uleule. Tunarudi palepale."

Wifi alikaa akiuchezea ule mfuko wa soksi. Halafu akaingiza mkono ndani, akatoa diski nyingine, kubwa, ndani ya kasha jeusi lililokwaruzika.

"Hii inatosha," alisema. "Ni kubwa kuliko hata hiyo yako. Nikifungua kasha lake, ndani ni diski kama nyingine, inaingia kwenye kompyuta bila shida. Wewe chukua hii. Mimi nitachukua hiyo ndogo ya fundi, ina kasi, itaninyanyulia laptopu yangu."

"Ina nini ndani?" Mama Beji aliuliza.

"Notsi za shule. Hizo nazihamisha sasa hivi." Akalipangusa kasha kwa kidole gumba. "Na harusi yangu."

Brashi akaangalia dari. Ndoa ya mdogo wake ilikuwa imevunjika muda mrefu, na katika nyumba ile ilizungumzwa kama watu wanavyozungumza juu ya ngazi mbovu: kila mtu anajua, anaikwepa.

"Harusi nayo si itaenea kwenye hii ndogo," alisema Mama Beji kwa sauti ya chini. "Ihamishe, wifi yangu. Tunasubiri. Hatuna haraka hiyo."

"Inaenea. Najua inaenea." Wifi aliunganisha ile diski kwenye laptopu, akafungua, na orodha ya video ikapanga mstari. "Nimeibeba kila nyumba niliyohamia. Kila nikinunua kitu kipya naihamishia. Sijaifungua hata siku moja. Leo sitaihamisha."

Aliyejibu alikuwa mama mkwe.

"Baba yenu yumo humo," alisema. "Anacheza."

Wote wakamgeukia. Bibi yule alikuwa ameishika redio yake kwa mikono miwili.

"Aliyekuoa simtaki, mfute hata sasa hivi, nitakushikia kalamu. Lakini baba yako siku ile alicheza. Alikuwa hachezi, mnamjua. Siku ile alivua koti."

Wifi akafungua video moja, akaifunga haraka. Akafungua nyingine. Ya tatu ilipofunguka, muziki ukajaa chumbani, na katikati ya ukumbi mzee mrefu, mwembamba, alikuwa akivua koti lake, akamrushia mtu asiyeonekana, akaanza kucheza. Alicheza vibaya. Magoti yalikwenda huku, mikono kule, uso umemkazana kama mtu anayepiga hesabu. Brashi alipiga kelele kama mwehu: "Mwoneni! Mwoneni mzee!" Mama mkwe alicheka mpaka redio ikamponyoka. Mama Beji, aliyeolewa katika nyumba hiyo mzee akiwa keshapooza, aliona kwa mara ya kwanza mumewe alikotoa magoti yake yasiyojua kucheza.

Wifi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Alikata kipande kile peke yake, akakihamishia kwenye diski ndogo ya fundi pamoja na notsi zake, akakifungua huko kuhakikisha kimefika. Kilikuwa kimefika. Akachomoa waya.

"Sasa tufanye kazi," alisema, akijifuta kwa kiganja.

*

Sehemu ya hatari ilikuwa ndogo kama maneno mawili. Programu ile nyeusi iliuliza: nisome wapi, niandike wapi. Diski zote mbili zilikuwa ndani ya kompyuta sasa, sanduku likiwa wazi, na zote mbili ilizitaja kwa herufi tu.

"Nikikosea hapa," Wifi alieleza, "itachukua hiyo harusi na kuimwaga juu ya michoro yako. Na hairudii kuuliza."

"Tusubirini," alisema Brashi. Akatoka mbio, akarudi na makopo mawili. Kwa ncha ya brashi yake ndogo kabisa akaweka doa jekundu kwenye diski mgonjwa, la kijani kwenye ile ya Wifi. "Nyekundu mgonjwa. Kijani mwenyeji. Sasa zisomeni namba."

Mama Beji, ambaye macho yake yalizoea kutofautisha nyuzi zinazokaribiana, aliinama akasoma namba za lebo ya diski yenye doa jekundu, moja baada ya nyingine, kwa sauti. Wifi akaiamuru programu ionyeshe namba ya kila herufi, akazifuata kwenye skrini kwa kidole. Wakarudia ya kijani. Kisha wakabadilishana, Wifi akasoma lebo, Mama Beji akafuata skrini, kwa sababu hakuna aliyejiamini. Zilikubaliana.

Wifi aliandika amri, akaisoma, akaisoma tena. Akaondoa mkono kwenye kibodi.

"Bonyeza wewe," alimwambia Mama Beji. "Kompyuta ni yako."

Mama Beji alibonyeza.

Namba zikaanza kukimbia. Zilikimbia kweli, mstari juu ya mstari, na asilimia ikapanda kama maji ya kisima wakati wa mvua. Brashi alikuwa ameshageuza kiti, amekaa kama yuko uwanjani. "Twende! Twende, mume mwenzangu!" Wakafika pale ambapo programu ya pili ilikuwa ikifa. Tik, tik. Kasi ikashuka. Ikashuka mpaka sifuri. Tik. Mama Beji alijikuta ameshika mkono wa mama mkwe upande huu na wa Wifi upande ule.

"Iruke," Wifi alinong'ona. "Iruke, iruke..."

Ikaruka. Mstari mmoja mdogo uliandika kwamba kipande fulani hakikusomeka, na hapo hapo namba zikaanza tena kukimbia upande wa pili, zikiwa zimeliacha shimo nyuma. Chumba kililipuka. Brashi alirusha ndala moja juu ikagonga dari. Jirani aligonga ukuta kuuliza nani amefunga bao.

Kazi ilichukua mchana wote uliobaki. Kila shimo waliliruka wakiwa wamesimama. Mwishoni programu ilirudi kwenye vibovu, ikavibembeleza kweli, ikatoa vingine, vingine ikashindwa. Ilipomaliza iliandika neno moja tu kwamba imemaliza, ikarudi kupepesa konani kama mtu asiyejua kuombwa radhi wala kushukuriwa.

Wifi alitoa diski yenye doa jekundu, akaiacha ya kijani peke yake, akachomoa flashi, akawasha. Hakuna kikohozi. Skrini ikafunguka na ile picha ya maua ambayo Mama Beji aliiweka zamani na kuisahau. Alibonyeza programu ya kutarizi. Kiduara kikazunguka, kikazunguka.

"Isije ikadai kibali," Wifi alisema bila kupumua.

Haikudai. Ilifunguka.

Mama Beji alifungua michoro, mmoja baada ya mwingine. Ya shule, ya kanisa, ya madereva. Mmoja ulikataa, nembo ya timu ya mpira ya mtaa.

"Hiyo timu yenyewe imeshakufa," alisema Brashi. "Nembo imeifuata tu."

Akafungua ya wauguzi. Taa ya dhahabu ikasimama katikati ya skrini, na duara lake la buluu, bila upungufu. Akavalisha fremu kitambaa, akakanyaga. Sindano ikaanza kugonga, mdundo ule wa kila siku, na mama mkwe akasema hajawahi kuupenda kabla ya leo.

Wifi hakuondoka. Alivuta kigoda karibu na kapu, akachukua mkasi, akaanza kukata ncha za nyuzi nyuma ya kila beji iliyotoka. Mwanzoni alikata vibaya, Mama Beji akamwonyesha, akashika. Hakuomba radhi kwa maneno ya zamani, na Mama Beji hakuyadai. Walizungumza juu ya mzee na magoti yake mpaka beji zikaisha.

*

Jumatatu, matroni wa chuo cha wauguzi alipokea mfuko, akachomoa beji moja, akaibandika kifuani mwa mhitimu aliyekuwa karibu, akarudi nyuma hatua moja kuiangalia. "Sawa," alisema, akageuka kwenda kuwapanga watu. Hakujua kulikuwa na nini, wala hakukuwa na haja ajue. Mama Beji alibaki mlangoni mwa ukumbi akawatazama wakipita, vifua vinawaka taa, mmoja baada ya mwingine.

Alitoka barabarani, akampigia wifi yake.

"Zimepokewa!"

"Subiri, subiri, wifi, niko darasani." Ilisikika sauti ya viti. "Nimewasimulia asubuhi hii, wamegoma kuendelea na somo mpaka wajue mwisho. Nimeweka simu kwenye spika, wanakusikia. Waambie."

Mama Beji alisimama kando ya barabara, watu wakimpita. Hakuwahi kuzungumza na darasa zima maishani mwake.

"Hamjambo?"

"Hatujambo, mama! Shikamoo!" Sauti zilijaa sikioni kama kundi la ndege.

"Marahaba, wanangu. Beji zimevaliwa. Zote."

Kelele zilimlazimu aiondoe simu sikioni. Zilipopungua, sauti moja ya msichana ikauliza, kwa makini sana, kwa nini hawakuchagua ile yenye vitufe vya kijani, maana mwalimu amesema ilikuwa nzuri.

"Ilikuwa nzuri kweli," alisema Mama Beji. "Lakini ilikuwa nzuri kabla ya kazi. Mimi nilihitaji ya wakati wa kazi."

"Na ile nyeusi ilisoma yote?"

Alifikiri. Mtu mmoja alimkwepa na toroli, akamtupia neno kwa kuziba njia. Hakulisikia.

"Haikusoma yote," alisema. "Pale iliposhindwa ilituambia imeshindwa, ikaendelea na kazi."

Alimsikia Wifi upande wa pili akiwaambia wanafunzi wafungue kompyuta zao, wote, wawili wawili kwa kila meza, na kelele za furaha zikaanza upya. Hakukata simu. Alitembea nayo sikioni hadi duka la nyuzi, akisikiliza.